Usafi Usio na Shahidi

Mashine ya barafu ya biashara hugandisha maji ndani ya kasha lililofungwa, mahali ambapo jicho la mnywaji halifiki. Pampu ndogo huyapandisha maji kutoka beseni la chini hadi kwenye bomba lenye matundu, nayo hutiririka juu ya sahani ya shaba iliyopakwa nikeli, iliyosimama wima na kugawanywa vijumba vidogo. Nyuma ya sahani hupita gesi baridi. Maji safi huganda kwanza. Chumvi na chokaa hubaki katika yale yanayoendelea kutiririka, ndiyo maana mashine nzuri hutoa vipande vinavyong'aa, kisha huyamwaga maji yaliyobaki kabla ya kuanza duru nyingine. Barafu ikifikia unene uliopangwa, valvu hufunguka, gesi ya moto hupita pale ilipokuwa ikipita gesi baridi, na bamba zima la barafu huachia na kuanguka katika ghala lililo chini. Kazi hiyo hujirudia usiku na mchana bila mtu kuisimamia.

Swali la kimaadili huanzia hapo, na kwa watu wa imani ni swali la kidini pia. Mtu anadaiwa nini katika kazi anayoifanya mahali ambapo hakuna atakayemwona, kwa faida ya mtu ambaye hatamjua kamwe? Moshi mjini mashine hizi hufanya kazi katika hoteli zinazopokea wapanda mlima Kilimanjaro. Ukipanda barabara ya Himo na Marangu kuelekea Tarakea, barafu ni mahitaji ya kila siku katika baa na sehemu za nyama choma za Mkuu, makao makuu ya wilaya ya Rombo. Mteja huitazama glasi, huitazama meza, humtazama mhudumu aliyevaa aproni safi. Lililo muhimu kuliko hayo yote limefungwa nyuma ya paneli yenye skrubu nne, na mwenye bisibisi ni mtu mmoja tu.

Barafu ina namna yake ya kudanganya. Baridi na mng'ao wake husomeka kama usafi, hata kwa watu wenye hadhari. Msafiri anayekataa maji ya bomba na kuagiza soda ya chupa huikubali soda hiyohiyo ikimiminwa juu ya vipande vya barafu vilivyotokana na maji ya bomba. Baridi haiui vijidudu vingi; huvilaza tu, navyo huamka barafu inapoyeyuka. Pombe iliyomo katika glasi nayo haitoshi kumaliza kazi hiyo. Kipindupindu kilipoingia Peru mwaka 1991, vinywaji vya mitaani na barafu yake vilikuwa miongoni mwa njia zilizotajwa za kuenea kwake. Tanzania ilipata mlipuko mkubwa ulioanzia Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kufika mikoa mingi, na katika milipuko ya namna hiyo bwana afya huuliza maji yametoka wapi na yamechemshwa vipi. Barafu haiulizwi mara nyingi, na ni rahisi kuisahau, kwa kuwa watu wengi huihesabu kuwa kitu cha kupoza. Kwa kweli ni chakula, tena chakula kisichopikwa.

Uchafu wa mashine ya barafu una sura kadhaa. Chokaa hujenga ganda jeupe juu ya sahani, barafu ikashikamana nayo na kuchelewa kuanguka. Maji yanayotoka karibu na msitu hayajakaa sana ardhini, kwa hiyo huleta chokaa kidogo. Yale ya visima vya chini hukaa muda mrefu ndani ya mwamba, nayo huwa yamebeba madini zaidi. Ukungu mweusi hushika pembe za pazia la plastiki linaloning'inia mbele ya sahani. Kibaya zaidi ni utando, ute wa vijidudu unaojishikiza ndani ya bomba la maji na kuta za beseni, wakati mwingine wenye rangi ya waridi, ambao kidole huteleza juu yake kabla jicho halijautambua. Chujio la mkaa ambalo mwenye baa amelinunua kwa nia njema ili kuondoa harufu ya klorini huondoa pia kinga ya maji, kwa hiyo mashine yenye maji matamu kuliko zote yaweza kuwa ndiyo inayoota utando upesi. Chachu nayo huelea hewani. Pale ambapo mkate unaumuliwa, au mbege ya ndizi na ulezi inachachushwa jirani, mashine huhitaji kusafishwa mara nyingi zaidi kuliko ile iliyokaa peke yake. Fundi wa Rombo anayefuata ratiba ya kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya hoteli ya nchi nyingine, bila kunusa hewa ya mahali alipo, ametii maandishi tu.

Huduma yenyewe haina siri. Kwa kawaida hufanywa angalau kila miezi sita, na palipo na vumbi au chachu hufanywa mapema zaidi. Barafu yote hutolewa ghalani. Dawa ya kuondoa chokaa, iliyo salama kwa nikeli, huzungushwa ndani ya mashine. Kisha pazia, bomba la matundu, pampu na boya la maji hufunguliwa kimoja kimoja na kusuguliwa kwa brashi laini. Baada ya kusuuza hufuata dawa ya kuua vijidudu, halafu kusuuza tena pale dawa hiyo inapohitaji. Dawa mbili hizo hazichanganywi kamwe: asidi ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, nayo huunguza mapafu ya aliyeinama juu ya beseni. Chujio hubadilishwa. Mapezi ya kondensa, ambayo hutoa joto nje ya mashine, husafishwa kwa upepo au brashi, na katika miezi ya kiangazi mtu huweza kuona jinsi vumbi jekundu la barabarani linavyoshikana na mafuta yanayopanda na moshi wa nyama, likawa kama blanketi. Kompresa inayopumulia kupitia blanketi hilo huchemka, hutumia umeme mwingi, hutoa barafu kidogo, na siku moja huungua. Mwisho, mashine huwashwa, na barafu ya kwanza inayoanguka hutupwa yote.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayompima mtu. Barafu ya kwanza huonekana sawasawa na ya pili. Kuitupa ni kupoteza umeme, maji na saa kadhaa za mauzo. Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani kwa Krismasi kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, Mkuu hufurika watu na magari. Harusi, ubarikio na vikao vya ukoo hupangwa wiki hiyohiyo. Mahitaji ya barafu hupanda kuliko wakati wowote wa mwaka. Mwenye baa husema kwamba usafi utafanywa Januari. Fundi akisisitiza, huambiwa afute mbele na kuondoka. Yapo pia mafupisho ambayo fundi huyachagua mwenyewe: asidi kali ya kusafishia vyoo inayolainisha chokaa kwa dakika chache na kumenya nikeli, au saini kwenye karatasi ya huduma ambayo haikufanyika. Katika yote haya hakuna mtu anayeona kitu. Mteja akiumwa tumbo keshokutwa, atamlaumu muuza mishikaki.

Jibu la kwanza linalotolewa mara nyingi ni la faida. Usipoziba ufa utajenga ukuta: anayeacha kondensa na vumbi lake atanunua kompresa. Ni kweli, na mafundi wanaowaeleza wenye mali hesabu hiyo hufanya vizuri. Lakini methali hiyo inamhusu mwenye ukuta, ambaye ufa ni wake na gharama ni yake. Utando ndani ya bomba hauharibu mashine kwa namna inayomuuma mwenye nayo. Mashine chafu yaweza kutoa barafu kwa miaka. Gharama huangukia tumbo la mtu mwingine, aghalabu mtoto au mzee ambaye mwili wake hauna nguvu ya kupambana. Hesabu ya faida inailinda kompresa vizuri sana na kumwacha mnywaji bila kinga, kwa hiyo haiwezi kuwa msingi wa wajibu.

Jibu la pili ni la sheria. Tanzania ina maofisa afya wa halmashauri, na tangu mwaka 2019 usalama wa chakula umekuwa chini ya Shirika la Viwango, TBS. Ukaguzi una thamani, na palipo na ukaguzi mzuri watu hupona. Hata hivyo mkaguzi hufika kwa siku moja katika nyingi, na hata siku hiyo si rahisi afungue paneli na kuingiza kidole ndani ya bomba. Sheria humtegemea mtu ambaye tayari ameshaamua kuwa mkweli akiwa peke yake. Inamkuta na tabia hiyo au inamkosa, kumpa haiwezi.

Jibu la tatu ndilo la zamani kuliko yote, kwamba yupo anayeona. Wachagga wa kale walimjua Ruwa, Mungu aliyehusishwa na anga na jua, na pamoja naye wahenga wa ukoo ambao macho yao hayakufungwa na kifo. Ukristo ulipofika katika miteremko ya Kilimanjaro, kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni ya Kilema mwaka 1890 na Walutheri wa Leipzig waliofuata miaka michache baadaye, ulikuta watu ambao fikra ya kuonwa wakiwa peke yao haikuwa ngeni kwao. Rombo leo ni nchi ya Wakatoliki kwa sehemu kubwa, na katekisimu yake humfundisha mtoto mapema kwamba Mungu huona hata sirini.

Jibu hili lina nguvu, lakini linahitaji kutazamwa vizuri. Likichukuliwa kijuujuu, linamfanya Mungu kuwa bwana afya asiyelala: fundi husafisha kwa kuogopa kukamatwa. Mwenye hofu ya namna hiyo hutafuta mahali pa kujificha, na asipopata hutafuta kisingizio. Maandiko yenyewe yanakwenda mbali zaidi. Sura ya 14 ya Mambo ya Walawi inashughulikia jambo lililo karibu mno na mashine ya barafu, yaani madoa ya kijani au mekundu yanayotokea katika ukuta wa nyumba. Mwenye nyumba akiyaona, yeye mwenyewe ndiye anayekwenda kumwarifu kuhani. Nyumba huondolewa vitu vyake na kufungwa siku saba. Doa likiwa limeenea, mawe yaliyoathirika hung'olewa, lipu hukwanguliwa na kutupwa nje ya mji. Likirudi tena, nyumba hubomolewa. Ukaguzi wote umejengwa juu ya neno la mtu ambaye angeweza kunyamaza na kupaka chokaa juu ya doa. Torati haikumwekea mlinzi. Ilimchukulia kuwa mtu anayeweza kusema.

Katika Uislamu lipo simulizi linalofahamika sana la Mtume Muhammad akipita sokoni na kuingiza mkono wake ndani ya rundo la nafaka. Juu palikuwa pakavu, ndani pamelowa. Muuzaji alijitetea kwamba mvua ndiyo iliyonyesha, naye akaulizwa kwa nini basi hakuiweka nafaka iliyolowa juu ili watu waione, akaonywa kwamba mwenye kudanganya hana sehemu katika umma. Mvua haikuwa kosa la muuzaji. Kosa lilikuwa mpangilio wa rundo. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliichukua mada hiyohiyo alipoandika juu ya adabu za kuchuma riziki, na kumtaka mfanyabiashara aonyeshe kasoro ya bidhaa hata pale mnunuzi asipoweza kuigundua. Kwa mashine ya barafu hoja hii ni kali. Utando kuota si dhambi ya mtu yeyote. Utaota hata kwa mtu msafi. Kuuacha ndani huku nje kukipigwa rangi ndiko kunakoshitakiwa.

Benedikto wa Nursia, katika kanuni aliyoiandika karne ya 6, alimwagiza mtunza ghala wa monasteri avichukulie vyombo vyote vya nyumba na mali yake yote kwa heshima ileile ya vyombo vya altare. Agizo hilo limeishi Tanzania katika karakana za Wabenediktini huko Peramiho na Ndanda. Hapa hofu imeondoka kabisa. Chombo kinaheshimiwa kwa sababu ya wanaohudumiwa nacho, na Mungu si mpelelezi aliyesimama nyuma ya bega la fundi. Amekaa upande wa mnywaji. Hii ndiyo sura bora ya jibu la dini, na inasikitisha kwamba katika mahubiri mengi husikika ile ya kwanza zaidi kuliko hii.

Falsafa nayo imelizunguka swali hilohilo. Katika kitabu cha pili cha Jamhuri ya Plato, Glaukoni anasimulia kisa cha Gyges, mchungaji aliyepata pete ya kumfanya asionekane, akaitumia kujitwalia ufalme. Glaukoni anadai kwamba mwadilifu na mwovu wakipewa pete hiyo watatenda sawa. Paneli ya mashine ya barafu ni pete ya namna hiyo iliyowekwa mikononi mwa mtu wa kawaida, bila uchawi, kwa mshahara wa mwezi. Mafundi wengi wameivaa, na wapo waliofanya kazi safi humo ndani maisha yao yote. Dai la Glaukoni, lililosemwa kama sheria ya maumbile, linaanguka mbele yao. Immanuel Kant, mwaka 1785, alitoa mfano wa muuza duka asiyemzidishia bei mtoto mdogo. Akifanya hivyo ili asipoteze wateja, alisema Kant, tendo lake linalingana na wajibu lakini halikutoka katika wajibu. Tofauti hiyo huonekana kama ya kitabuni hadi paneli inapofungwa. Dukani bei hujulikana kesho, lakini ndani ya mashine hakuna kesho ya kujulikana.

Basi wajibu unatoka wapi, kama hautoki katika faida wala katika sheria, na kama hata jicho la Mungu likieleweka vizuri linaelekeza kwa mnywaji? Unatoka katika amana. Anayepokea glasi yenye barafu ameshaamini, na hakuna njia nyingine kwake. Hawezi kubeba darubini baa, hawezi kuomba paneli ifunguliwe. Mambo mengi ambayo binadamu anayajua na kuyategemea yamejengwa juu ya neno la wengine, na historia ya Kilimanjaro inayo kesi iliyo wazi. Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliuona weupe wa kilele cha Kibo na kuandika kwamba ni theluji. Taarifa ilipochapishwa mwaka uliofuata, mwanajiografia William Desborough Cooley wa London, ambaye hakuwahi kuuona mlima huo, aliikataa kwa ukali. Ubishi uliendelea hadi safari za Karl Klaus von der Decken za mwaka 1861 na 1862 zilipoithibitisha. Cooley aliweza kutilia shaka barafu ya Kibo kwa miaka zaidi ya 10 bila kupungukiwa na chochote ila heshima. Mteja wa Mkuu hana nafasi hiyo. Akitilia shaka kila asichokiona, hawezi kula nje ya nyumba yake, wala kulazwa hospitali, wala kupanda basi. Imani yake si ujinga, kwani bila imani hiyo watu hawawezi kuishi pamoja, na anayetia barafu katika glasi ya mwenzake amekwisha kuikubali imani hiyo kama mkopo. Deni lipo tangu wakati huo, awe anaonwa au haonwi.

Miteremko ya Kilimanjaro ina mfano wake wa utunzaji wa maji uliotangulia mashine yoyote. Mifongo, mifereji iliyochimbwa kutoka vijito vya msituni na kuteremshwa kwa mwinamo mdogo hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, iliwashangaza wasafiri wa karne ya 19. Kila mfongo ulikuwa na ukoo wa walioufungua, na mkuu wake alipanga zamu za maji, akasimamia sadaka kwa waasisi, akaita watu kazini. Baada ya mvua banio lilibomoka na mchanga kujaa. Watumiaji walitoka pamoja kuzibua, na asiyefika alitozwa faini, au zamu yake ilipita bila yeye kupata tone. Usiku maji yalikusanywa katika nduwa, mabwawa madogo ya kuyahifadhi. Upande wa Rombo, ambako mito ya kudumu ni michache kuliko Machame au Kibosho, uzembe wa mmoja ulisikika upesi zaidi.

Watu hupenda kusema kwamba maadili ya mfongo yakirudi, kila kitu kitatunzwa. Kuna ukweli ndani yake, lakini tofauti ni kubwa na haifai kufunikwa. Mfongo ulipita mbele ya macho ya wote. Maji yakipungua, mtu alipanda juu akiufuata mkondo hadi akapata tundu na jina la mwenye tundu. Uangalizi haukuhitaji utakatifu, ulihitaji miguu. Mashine imeuchukua mkondo huo na kuufungia ndani ya kasha, na watumiaji wake si ukoo mmoja wala hawajuani. Kazi iliyokuwa ya wengi mbele ya wengi imekuwa ya mmoja mbele ya hakuna. Wajibu haukupungua kwa badiliko hilo. Kilichopungua ni kila kitu kilichokuwa kikiusaidia: wimbo wa kazi, faini, aibu, na pombe baada ya kazi. Fundi wa leo anabeba peke yake mzigo ambao babu zake waliugawana kijiji kizima, na mara nyingi hulipwa kana kwamba hakubeba kitu.

Malipo hayo madogo yana sababu ya kifikra. Hannah Arendt, katika kitabu chake cha mwaka 1958 juu ya hali ya binadamu, alitenganisha kazi inayoacha kitu nyuma yake, kama nyumba au meza, na ile inayoliwa na siku na kuanza upya kesho. Kutunza mashine ni ya aina ya pili. Fundi akimaliza vizuri, matokeo yake ni kwamba hakuna kilichotokea, na baada ya miezi sita hata hayo yamefutika. Jamii huweka jiwe la msingi na jina la mgeni rasmi pale mashine inaponunuliwa. Hakuna jiwe la siku iliposafishwa. Dini zimeielewa kazi hii kuliko falsafa nyingi, kwa kuwa zenyewe zimejengwa kwa marudio. Swala tano, rozari, toba, Ramadhani: hakuna kati ya hizo inayofanywa mara moja ikaisha, na hakuna muumini anayesema kwamba sala ya jana ilikuwa bure kwa sababu leo inabidi asali tena. Anayeijua kazi ya sala ana sababu ya kuiheshimu kazi ya brashi ndani ya beseni.

Bado kuna swali la nani hasa anadaiwa. Si haki kumtwisha fundi yote. Mwenye mali ndiye anayeamua kama chujio litanunuliwa na kama mashine itazimwa Desemba. Mhudumu ndiye anayechota kwa mkono au kwa glasi badala ya koleo, au anayeliacha koleo limelala ndani ya barafu na mpini wake mchafu. Mamlaka ya maji ndiyo inayoleta maji yenye tope baada ya mvua za masika. Kila mmoja ana sehemu yake, na kila mmoja anaweza kusema kwamba sehemu ya mwenzake ndiyo kubwa. Lakini maarifa hubadilisha deni. Mhudumu asiyejua kwamba barafu ni chakula anadaiwa kufundishwa. Mwenye mali aliyeambiwa na akakataa anadaiwa zaidi ya yule asiyeambiwa. Fundi aliyeuona utando ndiye pekee aliyeuona, na kuona kwake kumemfanya kuwa shahidi hata kama hakutaka. Hawezi kulazimisha mashine izimwe, lakini anaweza kukataa kuandika kwamba ameisafisha. Daftari linaloning'inia pembeni mwa mashine, lenye tarehe, jina na maneno machache ya kilichokutwa ndani, ni kifaa kidogo chenye uzito: huurudisha mkondo mahali ambapo watu wanaweza kuufuata, kwa sharti moja tu, kwamba kilichoandikwa ni kweli.

Sehemu nyingine ya huduma inahusu watu walio mbali zaidi hata ya mteja. Gesi ya kupozea ikipungua, njia ya haraka ni kujaza nyingine na kuondoka, huku tundu likibaki. Mashine nyingi bado hutumia R404A, ambayo kilo yake moja ikitoroka hupasha joto anga kwa miaka 100 ijayo kiasi cha karibu kilo 3,900 za kaboni dioksidi. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulishughulikia gesi zilizotoboa tabaka la ozoni, na nyongeza yake iliyokubaliwa Kigali mwaka 2016 inapunguza hizi zilizochukua nafasi yake. Barafu ya Kibo, iliyofunika takriban kilomita za mraba 12 mwaka 1912, ilikuwa imeshuka chini ya 2 kufikia mwaka 2011. Haitakuwa haki kusema kwamba mafundi wa barafu wameiyeyusha. Kupungua kwake kulianza mwishoni mwa karne ya 19 hewa ya mlima ilipokauka na theluji kuwa haba, na maji ya mifongo hutoka zaidi katika mvua na msitu kuliko katika barafu ya kileleni. Wajibu hauhitaji hoja hiyo. Watakaoishi katika joto hilo hawajazaliwa, hawatajua jina la aliyeiachia gesi, nao wako katika nafasi ileile ya anayepokea glasi. Fundi anayewafikiria hupaka maji ya sabuni kwenye viungo vya mabomba na kungoja povu lionyeshe tundu, huliziba kwa kuchomelea, huvuta hewa yote kwa pampu, ndipo anapopima gesi mpya kwa mizani. Mashine ikifika mwisho wa maisha yake, gesi iliyobaki huvutwa na kuhifadhiwa katika mtungi kabla ya mabomba kukatwa na shaba kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.